Chupa Sita za Maziwa, Kondoa hadi Dodoma

Niliondoka kwa sababu kituo cha maziwa kilikuwa kimetukatalia maziwa mara mbili. Kikundi chetu ni kaya sita, kila kaya na ng'ombe mmoja wa kukamua, na maziwa yote tunayachanganya kwenye keni moja. Walituambia kuna ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Ikifika mara ya tatu, tunafutwa. Mimi ndiye katibu. Nimeishia darasa la saba, na ukatibu nilipewa kwa kuwa herufi zangu zinasomeka, basi.

Lazima niseme ukweli: kabla ya safari nilikuwa nimeshamtaja ng'ombe wa Bi Hadija, jirani yangu. Ushahidi sikuwa nao, ila zizi lake lina matope. Alinijibu mbele ya watu, "Katibu, umekuwa daktari tangu lini? Wewe andika mahudhurio." Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, lakini iliniuma.

Jumanne alfajiri. Afisa mifugo alikuwa ameniachia chupa sita na boksi la barafu. Kuna watafiti wa chuo kimoja Dodoma, alisema, wanajaribu kipimo kipya. Akasisitiza tukamulie humo humo kwenye chupa. Mimi nikaona mdomo wa chupa ni mwembamba, na safari ni ndefu. Tukakamua kama siku zote, kila mtu kwenye kibuyu chake kilichofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike, ndipo nikamimina. Nilijiona nimefanya la maana.

Saa kumi na mbili na nusu, stendi ya Kondoa. Kondakta alitaka boksi liende kwenye buti.

"Mama, umebeba samaki?"

"Nimebeba kesi ya watu sita."

Akaniacha nilipakate.

Saa nne, Dodoma. Chuoni nilipokewa na mmoja wa watafiti, Neema, binti wa Kigogo kutoka Chamwino. "Shikamoo mama. Karibu, kaa." Alinionyesha kifaa cha ukubwa wa simu na vijikaratasi vyake. Nilimwomba anieleze taratibu, akanieleza bila kunidharau: kiwele kikiumwa, kinamwaga kimeng'enya kwenye maziwa, kimeng'enya kikikutana na dawa iliyopakwa kwenye kijikaratasi, unatokea umeme mdogo sana, na kifaa kinauhesabu. Ukivuka mstari wa kipimo, ng'ombe anaumwa.

Akadondosha tone la chupa ya kwanza. Juu ya mstari. Ya pili, juu. Hadi ya sita.

"Pole, mama. Wote wanaumwa."

Yeye amesoma, mimi nani? Lakini nikifikisha habari hiyo nyumbani, kikundi kimekufa.

"Mwanangu, sijasoma. Ila huyo wa tatu nimemshika kiwele leo asubuhi. Hakina joto, hakina uvimbe, maziwa hayana mabonge. Pima tena."

Akapima. Vilevile. "Mashine haina ugomvi na mtu, mama."

"Hata mimi sina. Pima mara ya tatu."

Alipofungua chupa safari hii, akainusa. "Mbona yananukia moshi?"

Nikamweleza vibuyu. Akashika mdomo. "Jamani! Hata kwetu tunafukiza, na sikuwaza!" Kwenye mfuko nilikuwa na kibuyu changu cha njiani, kitupu, nacho kimefukizwa. Akakisuuza, akatia maji safi, akatikisa, akadondosha tone. Juu ya mstari.

"Basi maji nayo yana ugonjwa wa kiwele," nikasema.

Alicheka hadi akafuta machozi. Kumbe vilivyomo kwenye moshi navyo vinatoa umeme wao. Aliandika kwenye daftari kwamba kosa ni lao, hawakuuliza maziwa yanakamuliwa wapi. Nikamwambia aandike na langu: niliagizwa, sikufuata.

Nililala Miyuji, pale pale Dodoma, kwa wifi yangu. Jumatano tulirudi Kondoa pamoja, Neema na kifaa chake, tukawahi ukamuaji wa jioni. Safari hii moja kwa moja kwenye chupa. Ng'ombe mmoja alipiga teke, tukaanza upya. Kikundi kizima kilisimama kutazama.

Chini ya mstari. Chini. Wa Bi Hadija, chini. Watano wote wazima.

Wa sita, juu. Alikuwa wangu.

Neema akarudia, juu. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Hadija: "Mpimie mara ya tatu, binti. Huenda mkono uliteleza." Akapima. Juu. Asubuhi afisa mifugo alimkagua, akathibitisha, akaanza matibabu. Maziwa yake yalikaa nje ya keni, na kituo kikayapokea ya wenzangu.

Nimejifunza kwamba kusisitiza kwangu kulikuwa sahihi na tuhuma yangu ilikuwa batili, na vyote viwili vilitoka kwenye kichwa kimoja. Jioni ile ile ya kupima nilifungua daftari la kikundi nikaandika, kwa herufi zinazosomeka: mgonjwa ni ng'ombe wa katibu. Kisha nikasimama mbele ya watu wale wale, nikamwomba Bi Hadija msamaha.

"Yameisha," akasema. "Sasa andika mahudhurio."