Pusete na Ncha ya Kikwembe

Jumamosi iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Columbus, na hakuanza hata kwa salamu. Aliuliza tu: mtoto wa miaka sita, akienda pariki ya michezo kutwa nzima, achukuliwe pusete ao aende kwa miguu yake? Pusete ni kile kigari cha kumsukumia mtoto. Sisi tuliotoka Kongo tulikuja na jina lake la Kifaransa, na hatukuliacha njiani. Dada akasema mume wake anaona haya, mtoto mrefu vile akae kwenye kigari cha bebe na watu wanaangalia. Mtoto mwenyewe amekwisha kujibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mkubwa, maneno yaishe. Lakini pariki ni pana, jua ni kali, na dada anamjua mwanawe.

"Njo maana nakuuliza wewe," akasema. "Mambo ya pusete, mwenye kuyajua ni wewe."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilikuwa jikoni kwetu hapa Riverside, Buffalo, dirisha liko wazi, na upepo wa mto unaingia na ule ubaridi wake hata siku za joto. Nikamwambia anipe muda kidogo, nitamjibu. Nikavuta kiti nikakaa. Nawe rafiki yangu, kaa pia, maana jibu lenyewe linaanzia mbali, Louisville, kwenye zile nyumba za ghorofa za Newburg ambako nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nalala popote.

Nasema popote, na sikuzi jambo. Nililala kwenye basi la shule nikapitishwa kituo. Nililala kanisani, hilo si ajabu, lakini mimi nililala hata wakati kwaya inapiga ngoma. Sikuwa mgonjwa, mama alinipeleka kwa daktari, daktari akasema mtoto ni mzima kabisa. Nilikuwa tu mtoto wa ndoto. Nikiangalia kitu kizuri kwa muda mrefu, wingu ao mvuke unaotoka kwenye sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, macho yanaanza kufunga yenyewe, na ndoto inaendelea pale nilipoachia kuangalia.

Newburg ya wakati ule ilikuwa na sauti zake. Asubuhi ulisikia milango ya magari ya wale wanaokwenda depo, kwenye ghala la mizigo, jioni ulisikia twangio la majirani likitwanga sombe, tum, tum, mpaka mtu wa chini anagonga dari yake kwa ufagio. Nguo zilianikwa kwenye vyuma vya baraza, ingawa mwenye nyumba hakupenda. Mama akirudi kutoka depo, ambako alikuwa anainua maboksi usiku kucha, alitia miguu yake kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, naye bibi yetu, mama wa mama, anamletea chai. Bibi huyo tulimwita Tate, kama wanavyoita kwetu Kivu. Alitoka milima ya juu kule kusini, mahali ambapo, alisema, mawingu yanapita chini yako na ng'ombe wanapotea ndani yake. Kiunoni alikuwa na kikwembe, yaani kitenge, cha bluu chenye ndege wa njano. Kikwembe hicho alikuwa amebebea watoto wake wote, halafu dada yangu, halafu mimi.

Basi, kiangazi hicho mwalimu wa watoto kanisani akatangaza kwamba tutakwenda pariki ya michezo. Akaeleza treni za kupanda na kushuka, farasi wa kuzunguka, na mwisho, gurudumu kubwa linalopandisha watu juu. Alisema uzuri wa lile gurudumu ni jioni, taa zikishawaka. Ukifika juu kabisa unaona mbali mpaka unachoka kuangalia.

Mimi nikachukua hayo maneno nikaenda nayo kulala. Asubuhi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kutoka juu ya gurudumu nitaiona milima ya Tate. Kwa nini nisiione? Kama mtu anaona mpaka anachoka, basi lazima afike kule. Nikamwahidi Tate kwamba nitaangalia kama nyumba yake bado iko, na kama kuna ng'ombe yeyote aliyebaki. Tate hakucheka. Aliniambia niangalie upande wa kushoto wa kilima, kwenye mti uliopinda.

Sasa unaelewa shida yangu. Ili nipande gurudumu lazima niwe macho jioni, na mimi saa ya mchana nilikuwa nalala kama mtu aliyekatwa umeme. Nikilala chini pale pariki, nani atanibeba? Jirani yetu, mama mmoja Mrundi mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula, alijitolea kwa moyo mwema kwamba nibaki kwake na watoto wachanga anaowalea. Niliposikia hivyo nilikimbia nikajificha nyuma ya mlango wa bafu.

Mama akaja na jibu lake. Karibu na pipa kubwa la taka la nyumba zetu, mahali watu wanapoacha vitu vizuri wanapohama, alikuta pusete nzima, gurudumu moja tu linalia. Akaiosha kwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka ikanuka usafi. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na aibu za kutosha kijiji kizima, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye atatembea mbali nasi, asionekane ni ndugu. Mama Mrundi alisimama mlangoni akanipima kwa macho, kisha akapima pusete.

"Mkimkalisha humo," akasema, "magoti yatamziba masikio."

Lakini aliyekataa kabisa alikuwa Tate. Hakukataa kwa sababu ya haya. Alizunguka kile kigari polepole, akakaa chini, akakitazama kwa mbele kama anaangalia uso wa mtu.

"Mutoto akikaa mule haone mwenye kumusukuma," akamwambia mama. "Atajua namna gani kama hayuko peke yake? Ku mugongo anasikia jasho yangu, anasikia moyo. Mule atasikia nini?"

"Mama, ni mukubwa huyu," mama akajibu. "Na mimi mugongo yangu ilibakia ku depo."

"Mugongo yangu iko."

Ikawa hivyo basi, mgongo wa Tate dhidi ya pusete, na mimi katikati, nisiyetaka hata kimoja. Nilitaka niende kwa miguu yangu kama dada. Tate akasema bon, haya, tutajaribu. Tutatembea mimi na yeye mpaka duka la vyakula vya kwetu, tununue unga, turudi. Nikirudi nimesimama, hakuna pusete.

Nilitembea vizuri, nakuambia. Nilipita nyasi zilizokatwa zinazonuka petroli na majani, nikapita mbwa wa uani, nikaruka kila ufa wa njia. Tukafika. Mle dukani kulikuwa na baridi tamu, harufu ya samaki wakavu na sabuni, na feni inazungusha utepe mwekundu. Nikaangalia utepe. Nikaegemea gunia la unga.

Nilipofungua macho, tulikuwa barabarani na shavu langu lilikuwa kwenye mgongo wa Tate. Kikwembe kilikuwa kimenibana vizuri, miguu yangu mirefu inaning'inia karibu na magoti yake, unga uko kichwani kwake. Nilisikia jasho. Nilisikia moyo. Nilisikia pia kitu ambacho sikuwahi kusikia siku nyingine: kila hatua, pumzi yake ilikatika kidogo, halafu anaitafuta. Nilitaka kusema nishuke, lakini mahali pale palikuwa pazuri mno, na nikalala tena.

Kesho yake Tate hakuinuka mapema. Niliona mama amepiga magoti mbele yake, anamkanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, na magoti ya Tate yalikuwa yamevimba kama vipande vya mkate. Mama hakusema, "Nilikuambia." Mwisho Tate akavuta kikwembe juu ya miguu yake, akaniita, akanishika kidevu akanitazama kwa muda.

"Umekuwa mukubwa," akasema. Aliyasema kama anayetoa habari njema kwa mtu mwingine huku yeye mwenyewe bado anaitafakari.

Jioni ile ile nilikuta pusete imewekwa karibu na mlango. Aliyeiweka ni yeye.

Siku ya pariki ilifika na tukafanya kosa la watu wetu. Kina mama walipika tangu alfajiri: ugali wa fufu, sombe, maharagwe, kuku, ndizi. Sufuria kubwa kabisa ilikaa kwenye pusete, imefunikwa kwa taulo, imefungwa mkanda wa mtoto. Mlangoni kijana wa pariki akatuambia kwa upole kwamba chakula cha nyumbani hakiingii. Donc, basi, tukarudi kwenye uwanja wa magari, tukatandika mikeka katikati ya magari yenye joto, tukala chakula cha mchana saa nne asubuhi. Watu wanapita na kofia zao wanatuangalia. Mchungaji anawakaribisha fufu. Mpaka leo mimi nikisikia neno pariki, kinachokuja kwanza mdomoni ni ladha ya sombe.

Tulipoingia, sufuria ilirudi garini na mimi nikaingia pusete. Watoto wa kanisa hawakuniacha. Mmoja, mtoto wa mpiga gitaa, aliniita bebe mzee, na wote wakalichukua jina hilo: bebe mzee, unataka maziwa? Nilivuta magoti, na mama Mrundi alikuwa na haki, yalifika masikioni. Nilikuwa karibu kushuka na kukimbia.

Ndipo Tate akasimama mbele yangu. Akafungua fundo la kikwembe kiunoni, akalifunga upya ili ncha moja ibaki ndefu. Ncha hiyo akaipitisha juu ya paa la pusete, akaniwekea mkononi.

"Shika," akasema. "Ukitaka kujua kama niko, vuta."

Akaenda nyuma akaanza kusukuma. Nikavuta. Kikavutwa na yeye. Nikavuta tena, akavuta tena, na gurudumu linalia wii, wii, na wale wanaonicheka wakawa mbali kama redio ya jirani. Baadaye niliona jambo jingine: Tate aliegemea ule mshikio, uzito wake wote uko pale, na magoti yake yalikwenda vizuri kuliko asubuhi. Mchana, jua lilipokuwa juu ya vichwa, mtoto wa mpiga gitaa alikuja kuuliza kama anaweza kukaa kidogo tu. Sikusikia alijibiwa nini. Nilikuwa naangalia farasi wanaozunguka, na ncha ya kikwembe iko mkononi.

Nililala mchana wote. Kilichoniamsha ni mvuto, mara moja, taratibu.

"Amuka," Tate akasema. "Taa zimewaka."

Mama hakupanda, miguu yake ilikuwa imechoka, akabaki kulinda pusete. Dada alikuwa na rafiki zake. Tukapanda mimi na Tate, naye alishika chuma kwa mikono miwili akisema kwamba hiki ni kilima kisicho na majani. Tukapanda, tukapanda. Hewa ikawa baridi kama alivyonisimulia ya kwao. Tulipofika juu kabisa, gurudumu likasimama.

Niliangalia. Niliona taa za barabara, ndege zinazoshuka moja nyuma ya nyingine, na mwisho wa yote giza la miti, tambarare kabisa. Niliangalia kushoto. Niliangalia mpaka nikachoka kweli, kama alivyosema mwalimu. Hakukuwa na kilima, wala mti uliopinda.

"Siione, Tate."

"Hata mimi siione," akasema. Akaniinamisha kichwa polepole, niangalie moja kwa moja chini. "Muone mama yako."

Alikuwa pale, mdogo kama punje ya mchele, mkono wake mmoja umeshika pusete tupu asije mtu akaichukua, uso wake umeinuliwa anatutafuta. Tate akafungua kikwembe, akakipepea nje, ndege wote wa njano wakaruka kwenye taa. Na yule mdogo kule chini akainua mkono.

Tulihama Newburg mwaka uliofuata. Tulikwenda Columbus, kulikokuwa na kazi ya mchana kwa mama, na Tate amelala huko, kwenye makaburi yenye nyasi zilizokatwa vizuri mno. Mama Mrundi sijui yuko wapi. Nyumba zetu za Newburg zimepakwa rangi nyingine, na wanasema twangio halisikiki tena, watu wananunua sombe iliyokwisha kusagwa. Mimi kazi yangu hapa Buffalo ni kuwatunza wazee. Kuna mama mmoja ninayemsukuma kwenye kigari chake kila mchana kando ya mto, na kila mara kabla ya kuanza ninamwekea mkono begani. Ananiuliza kwa nini. Namwambia ni desturi ya kwetu.

Nilimpigia dada.

"Chukua pusete," nikamwambia. "Na kikwembe cha Tate ukitoe kwenye sanduku."

Akasema bon, kwa sauti ya mama kabisa.

Jana jioni shemeji alinitumia picha. Mtoto amelala, mdomo wazi, miguu mirefu imetoka nje ya pusete, magoti karibu na masikio. Nyuma yake taa zimeanza kuwaka. Anayesukuma haonekani, picha imemkata. Kinachoonekana ni kitambaa cha bluu kilichopauka, kinatoka kwenye ngumi ya mtoto, kinapita juu ya paa na kutoka nje ya picha, nacho kimekazwa.