Mzigo Hauna Mkwe

Mke wangu aliniomba jambo moja kabla ya kufa, nami nikalichelewesha misimu miwili ya asali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo, na kwa sababu mengi ninayotaka kuyaeleza hapa ni mazuri. Msomaji asije akadhani mimi ni mtu mwema kuliko nilivyo.

Aliniomba nimpeleke mama yake Ujiji.

Mimi ni mrina asali wa Ipole. Shule nilisoma miaka minne kwa wamisheni, nikaacha ili nimsaidie baba na mizinga yake. Mke wangu nilimwoa Tabora mjini, mtaa wa Mtendeni, na mama yake alikuwa akiishi hukohuko. Wakati ninaousema Waingereza walikuwa bado wanatawala, na vita vyao vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma.

Zamani, kabla Wajerumani hawajaleta reli, mama mkwe alikuwa mke kijana wa mpagazi. Wanawake wa wapagazi walifuatana na waume zao, wakibeba vyungu, unga na mikeka. Safari moja ya Ujiji alimchukua mdogo wake, msichana ambaye alikuwa bado hajaolewa, ili amsaidie kubeba. Walipofika ziwani yule mdogo akashikwa na homa, akawa hawezi kusimama. Msafara haukungoja mgonjwa. Mama mkwe akamwacha kwa mwanamke mmoja wa pale, akamwambia kwamba atamrudia kwa msafara ujao. Chungu alichokuwa akikibeba mdogo wake akakichukua yeye, akakipandisha juu ya mzigo wake mwenyewe mpaka Tabora.

Hakurudi. Mume alifariki, watoto wakawa wengi, misafara ikaisha. Treni ilipoanza kwenda Kigoma angeweza kurudi kwa siku moja, lakini kufikia hapo aibu ilikuwa imeota mizizi. Mtu mmoja wa reli alileta habari kwamba yule mdogo alipona, akaolewa hukohuko, na sasa anakamua mawese katika michikichi yake. Kama amesamehe au hakusamehe, mleta habari hakusema, na mama mkwe hakuthubutu kuuliza.

Mke wangu aliikuta hadithi hii nyumbani tangu utotoni. Mwenyewe hakuwahi kuvuka Usoke, lakini njia nzima aliijua kwa masikio: mahali pa kupumzika, mahali pa maji, mahali ambapo mto unavukwa. Alikuwa akinisimulia tukiwa tunachuja asali, na mpango wetu ulikuwa twende watatu. Yeye angekaa katikati.

Hapo katikati ndipo palipokuwa na shida. Kwetu Unyamwezini mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi kwenye mkeka mmoja. Nikimwona anakuja njiani naingia porini mpaka apite. Tukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu, na kwa miaka yote huyo wa tatu alikuwa mke wangu. Pakikosekana mtu, mtu husema na kitu: mlango, jembe, kuku anayepita. Hii si chuki. Ni heshima, na mimi mama mkwe wangu nilimpenda sana kwa namna hiyo ya kumkimbia.

Basi mke wangu alipofariki, aliyekuwa katikati akawa hayupo, nami nikaogopa ile safari. Nilisingizia nyuki. Msimu wa kwanza nilisema mizinga imejaa, msimu wa pili nikasema mizinga ni mitupu. Mwishowe mama mkwe akanitumia jirani yake wa Mtendeni, aliyekuja Ipole kununua nta, aniambie kwamba yeye hazidi kuota meno. Nikafunga safari kesho yake.

Treni ya Kigoma tuliipanda alfajiri. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi ya mbao yaliyopeana migongo, na hiyo ilikuwa bahati yetu. Nilikaa upande wangu na kibuyu cha asali, yeye akakaa upande wake na kikapu kilichofunikwa kaniki, visogo vyetu vikikaribia kugusana. Kando yangu aliketi mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa akimrudia mumewe anayefanya kazi kwenye chumvi Uvinza. Kabla hatujafika Usoke alikwisha kutambua tulivyo, akajifanya posta yetu bila kuombwa.

"Mama yako anauliza kama umekula," aliniambia.

Nikamwambia amjibu kwamba nimekula.

"Anasema amekula, lakini tumbo lake linasema mengine," akamwambia mama mkwe, na benchi zote mbili zikacheka. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kikanifikia juu ya bega langu, kimefungwa katika jani.

Njiani mama mkwe alizungumza na kikapu chake. Alijua nasikia, na mimi nilijua anajua. Alikiambia kikapu kwamba tambarare ile ya Urambo walikuwa wakiipita kwa hofu ya mashujaa wa mtemi, wanawake katikati, wanaume pembeni. Alikiambia kwamba katika pori lile refu baada ya Kaliua mtu wa kwanza kuchoka alikuwa akiimbwa mpaka aone haya na kunyanyuka. Yote nilikwisha kuyasikia kwa sauti nyingine. Mahali pawili aliporuka jambo nililolijua, nilitaka kumkumbusha, nikanyamaza. Tulipopita juu ya daraja la Malagarasi akaacha kusema. Wakati wao walivuka kwa mitumbwi ya Wavinza, wakalipa nguo ndipo wakavushwa, na mdogo wake alilia kwa kuogopa mamba. Hilo hakukiambia kikapu. Nililijua kwa mke wangu, ndiye aliyenisimulia.

Yule mwanamke wa chumvi akamuuliza ndani ya kikapu kuna nini mpaka kinazungumzishwa hivyo. Mama mkwe akakifunua. Kilikuwa chungu kidogo cheusi, cha kupikia mboga. Akaeleza ni cha nani, na kwamba anakirudisha.

"Na akikukataa?" aliuliza yule mwanamke, safari hii bila mzaha.

"Akinikataa mimi, chungu atakipokea. Chungu hakina kosa."

Uvinza yule mwanamke akashuka. Dirishani niliona moshi wa matanuru ya chumvi na watu weupe kwa vumbi lake. Aliniachia konzi ya chumvi ndani ya kitambaa, akanitania kwamba sasa posta imefungwa, tutafute njia nyingine. Kutoka hapo mpaka Kigoma hatukupelekeana neno hata moja.

Tulilala stesheni, yeye na wanawake, mimi na wanaume, na asubuhi nikaliona ziwa. Nilizaliwa porini, maji mengi niliyoyajua ni ya bwawa. Niliposimama pale nilijikuta nikigeuka kushoto kumwambia mke wangu.

Kutoka Kigoma kwenda Ujiji ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa miguu, na siku ile hakukuwa na lori. Nilitangulia, kama adabu inavyotaka, yeye akafuata mbali nyuma yangu. Sikugeuka hata mara moja. Nilisikia kikohozi chake, nikasikia mkongojo wake ukigonga mawe, nikapanda kilima, nikashuka. Adabu yangu ilinifanya mjinga: nilikwenda sana kabla sijatambua kwamba mkongojo siusikii tena.

Nilirudi mbio, uso nimeuelekeza vichakani. Nilimkuta ameketi kando ya njia. Miguu ilikuwa imevimba, kamba za viatu zimezama kwenye nyama.

"Kikapu," alisema, "mwambie mkwe wangu aende. Akampe mdogo wangu chungu, amweleze. Mimi nitangojea hapa."

Nikakiambia kibuyu cha asali kimjibu kwamba sikutoka Ipole kuleta chungu.

Tukakaa hivyo. Hakupita mtu. Jua lilianza kuwa kali, na mimi nikawaza kurudi Kigoma kutafuta machela na watu wa kuibeba, kisha nikawaza kumwacha peke yake njiani, na hapo moyo ukanikataa. Aliwahi kuacha mtu kwenye njia hii. Asingeachwa yeye.

Nadhani naye alikuwa akiwaza hilohilo, maana aliita, "Baba." Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kunisemesha moja kwa moja.

"Naam, mama."

"Babu yako alikuwa mpagazi?"

"Alikuwa."

"Basi leo mimi si mama mkwe wako. Mimi ni mzigo. Mzigo hauna mkwe."

Nilichuchumaa nimempa mgongo. Akajifunga kwangu kwa kaniki yake kama mtoto anavyofungwa, nikasimama. Kikapu alikataa kukiacha. Alikiweka kichwani pake na kukishika kwa mkono mmoja. Kibuyu nikakining'iniza kifuani. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mzigo juu ya mzigo.

Alinifundisha kutembea. Nilipokuwa nikikaza mwendo alinigonga bega, akasema hatua fupi, mpagazi anayejionyesha asubuhi hulala njiani. Tulipofika kwenye mti aliniamuru nitue, tulipopumzika vya kutosha akaniamuru ninyanyue. Hatukutazamana, maana mtu aliye mgongoni na anayembeba hawawezi kutazamana hata wakitaka.

Kwenye mteremko wa mwisho aliuliza kwa sauti ndogo, karibu na sikio langu, "Wewe ndiye uliyembeba kumpeleka hospitali?"

Nilijua anamwulizia nani. Tangu mazishi hatukuwahi kulizungumza. Hapakuwa na wa kutuzungumzia.

"Ni mimi."

"Alikuwa mzito hivi?"

"Alikuwa mwepesi zaidi, mama."

Baada ya muda shingo yangu ikalowa. Nami nililia, nikiendelea na hatua fupi kama nilivyoamriwa.

Ujiji tuliuliza mkamua mawese, mwanamke wa Kinyamwezi, tukaonyeshwa njia katikati ya michikichi. Tulimkuta anatwanga chikichi uani, mwembamba, mikono myekundu kwa mafuta mpaka viwikoni. Aliacha mchi ndani ya kinu. Alimtazama mama mkwe juu ya mgongo wangu, akakitazama kikapu juu ya kichwa chake. Nilihisi vidole vya mama mkwe vikinibana mabega.

"Msafara wenu umechelewa," alisema yule mwanamke.

"Umechelewa, mdogo wangu," alijibu mama mkwe.

Nikamshusha. Hakwenda kumkumbatia. Alitoa chungu, akakinyoosha kwa mikono miwili. Mdogo wake alijifuta mafuta kwenye kanga, akakipokea, akakigongagonga kwa kidole na kukitegea sikio, kama wanawake wanavyofanya sokoni.

"Kina ufa."

"Ufa ulikuwepo."

"Haukuwepo. Nilikibeba kutoka Tabora mpaka hapa na ufa hakikuwa nao. Umekipata mikononi mwako."

Wakabishana juu ya ufa ule kwa muda mrefu, tena kwa Kinyamwezi, kama watu walioachana jana. Mimi nilisimama pale nikiwa na kibuyu kifuani, sijui niende wapi. Nilipoona mdogo mtu anamshika dada yake mkono ili amketishe, huku bado anamlaumu, ndipo nilipopumua.

Kisha akanigeukia. "Na huyu anayekubeba ni mwanao?"

"Ni mkwe wangu."

Alijifunika uso kwa kanga palepale, kwa maana na yeye kwa desturi yetu ni mama mkwe wangu. Kutoka nyuma ya kanga akauliza, "Binti yako yuko wapi, mpaka unabebwa na mkwe?"

Mama mkwe aliinama, akajifunika uso kwa kaniki yake. Basi nikasema mimi, nikikiangalia kinu. Nilisema mke wangu alifariki misimu miwili iliyopita, na kwamba yeye ndiye aliyetutuma, na kwamba tulichelewa kwa sababu yangu. Wale wanawake wawili wakalia pamoja, na mdogo mtu akamwambia dada yake maneno ambayo sikuyasikia wala hayakuwa yangu kuyasikia. Mchana ule mboga ilipikwa katika chungu chenye ufa, kwa chumvi ya Uvinza. Mimi nililetewa sehemu yangu nyuma ya nyumba, peke yangu. Heshima ilikuwa imerudi mahali pake.

Mama mkwe hakurudi Tabora. Nilipoaga alisimama ameshika nguzo ya kibaraza, amenipa mgongo, akaiambia nguzo imwambie mkwe wake kwamba anabeba vizuri ila anakaza mwendo. Nikaiambia nguzo kwamba nimesikia.

Tangu siku hiyo kila msimu nilipeleka kibuyu cha asali kwa mkono wa mtu wa reli, na kila mara kilirudi kimejaa mawese. Mwaka mmoja kilirudi kitupu, kimeoshwa, na aliyekileta akanieleza kwamba mama yetu amezikwa, na mdogo wake ndiye aliyemwosha. Nilikaa nacho mapajani mpaka yule mtu akaniuliza kama kuna kitu cha kupeleka kesho.

Nilimwambia angoje. Mdogo mtu alikuwa bado hai. Nikaenda kukijaza.