Android au iPhone: nilizipima kwa mdogo wangu asiyeona

Wakuu, assalam aleikum, na wale wa salamu nyengine, hamjambo.

Nimesoma nyuzi nyingi humu watu wakichambana kuhusu Android na iPhone. Huyu anasema kamera, yule anasema chaji, mwengine anasema ukitoa iPhone mfukoni hata muuza chipsi anakuita bosi. Nacheka sana, lakini kila nikimaliza kusoma najiona kama nimekaa kwenye harusi isiyonihusu.

Mimi nilizipima kwa mzani mwengine. Nilizipima kwa mtu asiyeona.

Haya ninayoyaeleza yametokea nyumbani kwetu, Micheweni, Pemba. Sijaongeza chumvi, na chumvi ninayo ya kutosha, maana kazi yangu ni kilimo cha mwani.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo wale wa kuniita "kaka" kwenye comments mjirekebishe mapema. Ni mtoto wa kwanza kwetu. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha skuli kidato cha pili ili wadogo zangu wapate kula na kusoma. Sijutii. Kuandika najifunza mwenyewe, ndiyo huku mnakoniona.

Anayenifuata ni Khamis. Macho yalianza kumpotea akiwa bado skuli. Presha ya macho. Mpaka tunaelewa ni kitu gani, mwanga ulishakwenda.

Lakini Mungu hakumnyima kifua. Msahafu mzima anao kichwani, na leo ni ustadhi, anasomesha watoto chuoni, yaani madrasa. Njia ya kwenda msikitini anaijua kuliko mimi. Ukikaa naye siku nzima unaweza kusahau kwamba haoni, na kusahau huko ndiko kulikotutia matatani.

Khamis alitaka kuoa. Binti anaitwa Zuwena, wa Tumbe, naye anasomesha chuo cha wasichana kwao. Posa tukapeleka, ikapokelewa, harusi ikapangwa baada ya mavuno ya karafuu.

Baba yake, Mzee Faki, ni mtu wa msimamo. Akatwambia mbele ya wazee wote, "Kuandikiana sikatazi, zama zimebadilika. Lakini sauti ya binti yangu ataisikia akishaoa."

Wote tukaitikia, inshallah, maneno mazuri, mzee kalegeza. Tukanywa kahawa, tukaaga.

Tuko njiani ndipo Khamis akauliza, "Dada, hivyo Mzee Faki kaniruhusu nini hasa?"

Wakuu, nilisimama pale pale. Mtu asiyeona karuhusiwa kusoma, kakatazwa kusikia. Na hakuna hata mmoja mle ukumbini aliyekumbuka, mimi mwenyewe nikiwemo. Kurudi kumwambia mzee abadilishe neno alilolisema mbele za watu, kwetu ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo msiniulize kwa nini hawakutumiana voice note. Jibu ndilo hilo.

Basi nikawa mimi ndiye macho. Khamis alikuwa na kiswaswadu, kile cha vibonye, kupiga na kupokea anajua kwa vidole. Meseji ikiingia ananiita.

"Dada, imelia. Nani?"

"Zuwena."

"Kasema nini?"

"Assalam aleikum, hamjambo, sisi hatujambo, msalimie dada."

"Na nini tena?"

"Na wassalam."

"Dada, hii ni ya mchumba au tangazo la sheha?"

Tukacheka. Lakini meseji zilizidi kukauka, mpaka siku moja Zuwena akanipigia mimi mwenyewe.

"Wifi, mie nakupenda, usinifahamu vibaya. Lakini neno langu halijamfika Khamis, limeshapita kwako. Nikiandika nimefurahi, nakuona weye unasoma. Nikiandika nina hofu, nakuona weye. Naolewa na mtu mmoja au wawili?"

Hakukosea.

"Nimemwambia mama, kama mambo ndiyo haya, posa ingoje kwanza."

Wenzangu wa huku mnajua. Posa inayongoja ndiyo inayokufa, hakuna anayeitangaza, siku moja unasikia tu binti kaposwa kwengine. Na Khamis alikuwa kesha kumpenda. Hakusema, ila alianza kukiweka kile kiswaswadu chini ya mto.

Hapo ndipo nilipoanza kuzijua hizi mnazoziita operating system.

Nikaanza na Android, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Fundi mmoja wa Konde aliniambia, "Ingia settings, tafuta TalkBack, uiwashe." Nikaiwasha, nikachagua sauti ya Kiswahili, nikampa Khamis.

Wakuu, sitasahau. Aligusa kioo, simu ikatamka, kwa Kiswahili safi kama cha redio, chaji iliyobaki. Akagusa pengine, ikamtajia jina la jirani yetu. Akashituka. "Yakhe! Huyu bibi anamjua Bi Time?"

Unagusa mara moja inakutajia ulichogusa, unagusa mara mbili haraka inafungua. Ndiyo mpango mzima. Na simu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ukienda dukani wanakutolea kwenye kabati la chini. Mimi nilikuwa nayo miaka, na kitu hicho kilikuwemo ndani, kimekaa kimya, kinasubiri tu mtu akiite. Aliyekitengeneza Mungu amlipe.

Ila simu yangu ilikuwa imechoka. Imejaa picha za mwani na clip za harusi za watu, nafasi hakuna, imeshaanguka majini. Ukigusa inafikiri kwanza. Khamis anagusa, inachelewa, anasogea, inafungua kingine. Hilo nasema wazi, ni ugonjwa wa simu yangu, sio wa Android yote.

Na ugonjwa huo ulituponza. Khamis aliandika maneno yake ya kwanza mwenyewe, herufi moja moja, asubuhi nzima. "Toka alfajiri nakukumbuka wewe tu." Akagusa jina la Zuwena, simu ikachelewa, akagusa tena, ikaenda.

Ikaenda kwenye group la wazazi wa chuoni, ambako namba yangu ndiyo wanayoijua kuwa ya ustadhi.

Kabla hatujajua la kufanya, mzazi mmoja akajibu, "Ahsante ustadhi, na mtoto naye anakukumbuka, ila leo ana homa hatokuja."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Khamis hakucheka. Akanirudishia simu, akasema, "Kama ni kuaibika, bora niaibike kwa mdomo wangu, sio kwa kidole."

Akarudi kwenye kiswaswadu chake. Na Tumbe kukawa kimya kabisa.

Sasa, tuna ami yetu Maskati, ndugu yake baba. Alikuja kuzuru, kasikia habari za group, maana Pemba habari haihitaji bando. Akatoa iPhone aliyokuwa akiitumia yeye, akampa Khamis, akasema, "Huko kwetu ninamjua bwana mmoja haoni, na hii ndiyo simu yake."

Hiyo nayo unaingia settings, unawasha VoiceOver. Na hapa, watu wa iPhone, nawapa haki yenu.

Ile simu ilikuwa kuukuu lakini laini kama tui zito. Khamis akiteleza kidole kulia inakwenda kitu kimoja mbele, kushoto kimoja nyuma, haijikwai. Kila app inamtii kwa namna ile ile. Siku mbili tu alikuwa anaijua kuliko ami.

Kisha ami akamwonyesha jambo moja. Ukigonga kioo kwa vidole vitatu, mara tatu, kioo kinazima. Simu inafanya kazi kama kawaida, inazungumza kwenye earphone, lakini aliye pembeni anaona kiza kitupu.

Khamis akauliza, "Hata dada haoni?"

"Hata dada."

Akakizima. Nikamwona mdogo wangu ameshika kioo cheusi, vidole vinakwenda, uso unacheka peke yake. Mimi niliyekuwa macho yake miaka yote, siku ile mimi ndiye nisiyeona. Sikujua nicheke au nilie. Nikaenda kupika.

Lakini furaha ikagonga mwamba. Kiswahili. Ile yetu, kwa toleo lake, haikuwa na sauti ya Kiswahili. Ilisoma "habari za asubuhi" kama mtalii aliyeshuka boti leo. Khamis alisikiliza mara mbili tatu hakuambulia kitu.

Ami akasema, "Basi huyo binti aandike Kiingereza."

Nikamwambia, "Ami, Kiingereza cha sisi sote watatu tukikichanga hakifiki barua moja."

Kiarabu lakini, mashallah! Hiyo simu ilisoma Kiarabu kama mtu aliyelelewa msikitini. Khamis akawa anaisikiliza, anatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Dada, bibi alikuwa akimwandikia vipi kaka yake Mombasa?"

Bibi yetu hakuingia skuli hata siku moja. Lakini chuoni alikwenda, na barua zake zote aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wazee wengi wa huku walikuwa hivyo.

Nikaelewa kabla hajamaliza.

Akaniomba nimwandikie Zuwena meseji moja ya mwisho. Nikaandika: Niandikie Kiswahili chetu kwa herufi za chuoni, na utie irabu zote, fatha, kasra na dhumma, usiache hata moja. Simu itanisomea mimi peke yangu.

Hiyo ndiyo meseji yangu ya mwisho kama karani wao.

Wakuu, mnaojua mtaelewa uzito wake. Kiarabu cha kawaida watu hawatii irabu, msomaji anajijazia. Lakini simu haijui Kiswahili, haiwezi kujijazia. Ukiacha irabu moja, inajisomea inavyotaka. Kila herufi ubonyeze, ushikilie, uchague alama yake, kisha ufuate nyengine. Neno moja ni kazi. Na Zuwena alikuwa na Android, ile keyboard ya Kiarabu ilibidi aiongeze kwanza.

Siku ile meseji haikuja. Ya pili haikuja. Ya tatu maji yalikuwa yametoka sana, nikaenda kufunga mwani nikarudi adhuhuri mikono imejaa chumvi. Nikamkuta Khamis amekaa ukumbini, earphone sikioni, kioo cheusi.

Anatabasamu, anarudia, anasikiliza tena.

Nikamuuliza, "Imekuja?"

"Imekuja."

"Inasomeka?"

"Inasomeka. Pemba inakuwa Bimba, na chai inakuwa shai, lakini namsikia yeye."

"Kasema nini?"

Akageuza uso kunielekea, akasema kwa adabu kabisa, "Dada, hiyo haikuhusu."

Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani. Hilo naliweka la kwanza.

Basi kwa wanaotaka hukumu yangu, ndiyo hii. Kama mtu wako haoni na dunia yake ni ya Kiswahili, aanze na Android, maana inazungumza lugha yake na bei anaiweza mtu wa kawaida. Ila asipewe iliyochoka kama yangu, na isijazwe picha. Ikiharibika fundi yupo karibu. iPhone kwa ulaini na utulivu sijaona mfano wake, na ile ya ami, kuukuu vile, haijawahi kumkwamisha Khamis kidole. Lakini chaja ikikatika utasubiri mtu aende mjini, na hilo la Kiswahili mlipime wenyewe kwa toleo mnalonunua, huenda mpya zimeshajifunza.

Khamis leo anazo zote mbili. Android tuliyomnunulia baadaye ndiyo ya wazazi wa chuoni, kutuma hela na habari za mji. iPhone ina mtu mmoja tu ndani yake.

Mavuno yakaisha, harusi ikafanyika. Mzee Faki alipomkabidhi bibi harusi akamwambia Khamis, "Haya, sasa sauti yake ruhusa." Khamis akamjibu, "Ahsante baba, ila na maandishi yake nimeyazoea." Mzee akacheka, sidhani kama alifahamu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba tunabishana simu ipi bora kama tunavyobishana vyama, na kumbe swali ni moja tu: inamwachia mtu wako afanye jambo lake mwenyewe? Mimi nilidhani kumsaidia Khamis ni kumsomea. Kumbe msaada mkubwa ulikuwa kumtafutia njia ya kutonihitaji.

Sasa ni zamu yenu. Mwenye ndugu asiyeona anatumia ipi, na anaionaje? Kuna iPhone inayosoma Kiswahili siku hizi? Na yupo mwengine humu anayeandika Kiswahili kwa herufi za chuoni? Semeni, nitasoma zote nikitoka baharini.

Na msiniulize Zuwena aliandika nini siku ile. Wana mtoto sasa, na mpaka leo sijui. Alhamdulillahi.