Kengele ya Kitanda cha Kwanza

Fundi wa programu wa hospitali ile walimbandika jina Mpelelezi, na jamani, lilimkaa! Alikuwa mtu wa kushuku hata chai aliyomiminiwa na mama yake mzazi. Basi pampu ya dawa ya kitanda cha kwanza ilipoziba, na muuguzi akaapa kwamba skrini ya kengele ilimwita kwenye kitanda cha pili, Mpelelezi alimkazia macho mbele ya watoto wa mgonjwa.

"Ulisinzia, dada. Sema tu."

"Sikusinzia! Nilikimbilia kitanda cha pili, nikamkuta mzee wa watu anasoma gazeti."

Mgonjwa alinusurika, lakini matroni alitaka mtu wa kubeba lawama. Kesho yake saa sita mchana muuguzi angepewa barua ya kufukuzwa.

Mpelelezi akashuku nyaya. Akamshuku fundi umeme, akamshuku hata mfagiaji. Programu yake mwenyewe? Thubutu! Asubuhi ya siku ya barua, ili kumuumbua muuguzi, aliweka pampu mbili mezani, akaiziba ya kwanza. Skrini ikaita ya pili. Lo! Akarudia, ikaita ya pili tena.

Pampu zile huzungumza kupitia maktaba kuukuu, yaani mkusanyiko wa msimbo wa lugha ya kompyuta ya C, inayotaka ipewe fanksheni, kijiprogramu cha kuita mambo yakiharibika. Ya Mpelelezi ilikuwa ndani ya klasi, kifurushi cha msimbo kinachohudumia pampu nyingi, na ya namna hiyo haiwezi kazi mpaka ijue inatumikia pampu ipi. Maktaba ikaikataa katakata. Basi akaandika fanksheni ya nje, yenye kukumbuka pampu moja tu. Ya pili ilipoletwa, ikakalia nafasi ya mwenzake, na kila kengele ikawa yake. Na maktaba ilikuwa imejitolea: nikabidhi anwani ya pampu, yaani mahali ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, sitaigusa, nitakurudishia kila nikikuita. Mpelelezi akajaza sifuri mahali pa anwani. Yeye amwachie mtu mzigo wake?

Sasa akaikabidhi kila pampu anwani yake. Mistari sita tu. Akajaribu, kila moja ikajiita yenyewe.

Angeweza kufyata mdomo, nani angejua? Akapiga moyo konde, akaingia kwa matroni. Barua ilikuwa mezani, muuguzi kasimama.

"Kosa ni la programu yangu. Hakusinzia."

Matroni akaichana barua. Muuguzi hakushukuru.

"Jana ulinisema mbele ya watoto wa mgonjwa," alisema. "Wako wodini sasa hivi. Twende ukawaambie."