Mji Anakolala Kaka

Jumamosi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mji wa Wuppertal ulibadilika moyoni mwangu. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la nyama, mtaani kwetu Kings Heath, huku ughaibuni. Mji huo wa Ujerumani niliujua kwa jambo moja tu: kaka yangu alifia huko, akazikwa kabla sijapata viza, na hana ndugu wa kumzuru.

Mbele yangu mama wa Kisomali, mzaliwa wa Garissa, alikuwa akimwonyesha muuza nyama video kwenye simu.

"Niliishi Wuppertal. Watalii hawaujui. Lakini tazama treni yao, inapita juu ya mto, imening'inia."

"Kama mbuzi wangu hapa?" muuza nyama akacheka, akigusa kulabu. "Na haianguki?"

"Wallahi haianguki."

Nikamuuliza polepole kama anayajua makaburi ya huko.

Akashusha simu. "Mume wangu yuko huko. Langoni wametundika makopo ya maji, atumie yeyote. Bibi mmoja Mjerumani, akija kumwagilia maua ya mumewe, humwagilia na ya majirani. Haulizi marehemu alikuwa wa dini gani."

"Hata asiye na mtu?"

Akanishika mkono. "Huyo ndiye anayeanza naye, dada."

Treni ya angani ni ajabu, nakiri. Ila vitabu vya utalii havina picha ya kopo la maji, na ndilo lililoniacha nimeduwaa nikisahau hata kuagiza nyama.

Ewe Mola, mjalie kheri bibi yule. Na kaburi la kaka yangu ulipanue, ulitie nuru. Amin.