Alasiri Yangu na Mgongo wa Malale

Mume wangu Malale ana miaka thelathini na tisa na mgongo wa mtu wa sabini. Simdhihaki. Mimi ndiye ninayeukanda kila jioni kwa kitambaa cha maji ya moto, kwa hiyo naujua kuliko yeye mwenyewe. Miaka kumi na minne amebeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Makanyagio, na siyo magunia haya ya kistaarabu, ni lumbesa, yale yaliyoshindiliwa mpaka yakaota kichwa juu na kufungwa kwa kamba. Mwaka juzi alipigwa picha hospitali, daktari akamwonyesha pingili mbili zilizosagana, akamwambia atafute kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa! Mtu kaishia kidato cha nne, yuko Mpanda, hiyo kazi ya kukaa ataiokota wapi?

Yeye akaja nyumbani akasema ameshaipata. Atajifunza kuandika programu za kompyuta.

Nilicheka, nakiri. Nilikuwa nimepiga magoti nafua, nikacheka mpaka nikashika kiuno. Akanisubiri nimalize, maana Malale hana hasira, hiyo Mungu alimnyima akanipa mimi ya kwake na ya kwangu. Halafu akaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma kinachovuta maneno, kwamba umoja wa wafugaji wa kule Kasokola kwa baba yake unatafuta mtu wa kuwatengenezea daftari la kwenye kompyuta. Wanataka kujua ng'ombe wa nani ameogeshwa joshoni, lini, na kwa dawa gani. Atakayeweza kulitengeneza ndiye atakayekaa nalo pale joshoni, kwenye kiti, kivulini. Aliposema "kwenye kiti" nikaacha kucheka.

Basi akaanza kusoma mwenyewe. Alinunua laptopu ya mwalimu mmoja aliyehamishwa mkoa, imeng'oka herufi M, akawa anabonyeza kile kidude kilichobaki kwa ncha ya kalamu. Masomo anayapata kwenye simu, video za watu wanaoongea Kiingereza kama wanafukuzwa. Anarudi kutoka mashineni saa kumi na mbili, pumba mpaka kwenye kope, anaoga, anakula, anafungua somo, na kabla mwalimu hajamaliza kusalimia, Malale anakoroma na simu imemlalia kifuani. Kesho yake kasahau. Anarudia. Bando likiisha anakaa wiki mbili, akirudi anaanza tena mwanzo. Mwaka mzima nilisikia muziki wa somo la kwanza, mpaka nikawa nauimba nikiepua vitumbua.

"Si uende darasani kama watu?" nikamwambia.

"Darasani nitakaa na watoto, Eme. Nikisoma mwenyewe naenda kwa kasi yangu."

"Kasi gani? Mwaka sasa uko mlangoni!"

Lakini jamani, kwa kusuasua hivyo hivyo, mwaka wa pili daftari likaanza kuonekana. Mara nyingine alinifuata jikoni na laptopu mikononi, kaibeba kama sinia la uji. "Eme, hebu njoo uone hapa." Nami nilikuwa najibu nini? "Nimechoka, Malale." Na kweli nilikuwa nimechoka. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuumua unga wa mchele, nakaanga vitumbua, nauza mbele ya nyumba mpaka saa nne, nafua, nachota maji, napika. Saa tisa alasiri natandika mkeka chumbani, navuta pazia, nalala mpaka saa kumi na moja. Hizo saa mbili ndizo zangu. Watoto wanajua, majirani wanajua, hata kuku nadhani wanajua. Asubuhi ni ya wateja, jioni ni ya mgongo wa Malale, alasiri ni yangu. Sikuwa na nafasi nyingine ya kuwekea kompyuta.

Ndipo akatokea Pacifique. Ni kijana wa huko Katumba, wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi, kasomea kompyuta Mbeya na sasa amefungua darasa kwenye chumba cha nyuma ya duka la simu. Ni mteja wangu wa vitumbua. Akatuambia anaanza kozi ya kuandika programu Jumatatu ya wiki ya pili kuanzia siku ile, miezi sita, saa tisa mpaka kumi na moja alasiri. Kompyuta ziko nane tu, kwa hiyo anataka majina kufikia Jumamosi ya kabla yake. Ada si ya kutisha, tungeichanga. Tatizo ni saa. Saa tisa mpaka kumi na moja ndipo malori yanapopakia pale mashineni, na bosi hataki mbebaji wa nusu siku. Malale akienda darasani, kazi imekwenda. Akibaki kazini na kusoma peke yake, mgongo ndio unaokwenda.

"Tungoje Jumapili," akasema. "Nikimwonyesha baba daftari akalikubali, wafugaji wote watalikubali. Sitahitaji darasa."

Jumapili baada ya misa ya kwanza tukapanda bodaboda wawili na dereva, tukaenda Kasokola. Mkwe wangu, Mzee Mabula, alikuwa uani na Yotham, katibu wa ule umoja. Nikapiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka baba," akaniitikia bila kunitazama, ndivyo mkwe anavyopaswa, nami nikaenda kukaa kando upande wa jiko kuchambua mchele. Mama mkwe alishafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo jiko la pale nikifika ni langu. Nilikuwa mbali, lakini nasikia kila neno.

Malale akaweka laptopu juu ya kigoda, akaifungua kwa heshima. Akaandika jina la baba yake, ile M akiibonyeza kwa kalamu. Kisha akauliza:

"Baba, ng'ombe wako ni wangapi?"

Nikaacha kuchambua. Bikira Maria! Nilisikia masikio yananichoma.

Mzee akamgeukia. "Nani anauliza?"

"Siyo mtu, baba. Ni programu."

"Basi iambie programu ng'ombe hawaulizwi hivyo."

Yotham akakohoa. Akasema kwa upole kwamba watu wa kule hawapendi kutaja idadi ya ng'ombe zao, na siku hizi ndiyo kabisa, kila akija mtu wa kuhesabu mifugo baada yake anakuja mtu wa kuwahamisha. "Pita hapo, Malale, tuone kwingine."

Lakini hapakupitika. Malale alikuwa amelitengeneza daftari lake hivyo, usipojaza idadi halikufungulii mlango wa mbele, na siku alipoliweza hilo alikuwa amefurahi wiki nzima. Akaacha pale patupu, likakataa kwa maandishi mekundu. Akajaribu tena, likakataa tena. Jasho linamtiririka, na wazee wawili wamemkodolea macho. Kwa kuhangaika akaandika sifuri ili tu lipite. Likapita. Likaleta maneno makubwa kioo kizima.

"Linasemaje?" mzee akauliza.

Yotham akainama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, maana katibu kazi yake ni kusoma: "Mfugaji Mabula hana ng'ombe."

Mzee Mabula akainuka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alichukua fimbo yake akaenda zizini, akasimama kule akitupa mgongo, akiangalia ng'ombe zake mmoja mmoja. Hakurudi mpaka tukaondoka. Yotham alitusindikiza hadi barabarani, akamwambia Malale, "Mdogo wangu, pole. Baada ya hili sitaweza kulipeleka kwenye kikao."

Dereva aliyetuleta alikuwa ameshaondoka, tukatembea kipande kirefu kusubiri mwingine. Malale alibeba laptopu ndani ya mfuko wa salfeti. Katikati ya njia akasimama.

"Miaka miwili, Eme. Na mimi ni Msukuma. Nimezaliwa zizini. Ng'ombe za baba nawajua kwa rangi na kwa mama zao, sijawahi hata siku moja kuwahesabu. Yule wa kwenye video alisema anza na idadi, nikaanza na idadi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia."

Hapo nilitamani barabara initafune. Mimi nilikuwa najua. Mwaka nilioolewa, mgeni, Mpimbwe wa majaruba ya mpunga asiyejua lolote la ng'ombe, nilimuuliza mama mkwe kwa mdomo wangu huu: mama, ng'ombe wenu wangapi? Alinivuta sikio kama mtoto akanifundisha. Kosa lile nililitenda kabla ya Malale, nikalilia, nikalikoma. Kama siku moja tu ningeinuka pale jikoni nikaenda kutazama, ningelitambua swali lile mara moja. Dakika mbili zingetosha.

"Mimi ningekuambia," nikasema. "Uliniita nikakataa."

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini ningekuambia."

Akanishika bega. Tukaendelea kutembea mpaka bodaboda ikaja.

Wiki ile mashineni kulikuwa na mpunga wa kufa mtu, msimu umeiva. Alhamisi Malale aliletwa nyumbani saa sita mchana na wenzake wawili, wamemshika huku na huku. Mguu wa kushoto umekufa ganzi, gunia lilimponyoka. Nilimkanda, mguu ukarudi kufikia jioni, Ijumaa akaenda tena. Tulibishana mpaka sauti zikatukauka na bado akaenda.

Jumamosi asubuhi, nimebakiza vitumbua kama kumi kwenye beseni, akaja kukaa kwenye ndoo kando yangu. Leo ndiyo siku ya majina, nikawaza. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia aache kazi, aende kwa Pacifique, tutakula vitumbua.

"Nimefikiri," akasema. "Wewe nenda."

"Niende wapi?"

"Darasani. Mimi nikiacha mashine sasa, tunakaa miezi sita bila kitu. Nikisoma peke yangu, umeona mwenyewe ninavyosoma. Wewe ukisoma utanifundisha jioni, tulitengeneze daftari upya, na saa tisa mpaka kumi na moja una nafasi."

Lo! Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye nywele. Nafasi! Nilimpigia kelele mbele ya wateja, na mwanamke mmoja akashindwa kudai chenji yake akaondoka. Nikamwambia hiyo siyo nafasi, hiyo ni mimi. Miaka kumi na mitatu ya ndoa nimewagawia wote, saa hizo mbili ndizo nilizobakiza, na hizo nazo anazitaka? Mimi hata sikupita kidato cha pili. Sipendi kompyuta. Nachukia ule muziki wa somo la kwanza. Nikasema mengi, mengine nisiyoyaandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Halafu akasema, "Daktari alisema mwaka mmoja, Eme. Sikukwambia. Alisema mwaka mmoja wa magunia, baada ya hapo huenda nisisimame. Alisema hivyo mwaka juzi."

Nilikaa pale mbele ya mafuta yanayopoa, mwiko mkononi. Nilimchukia kwa kunificha, nilimhurumia, na nilijihurumia mimi zaidi, siwezi kudanganya. Nikalia waziwazi barabarani, watu wanapita na baiskeli zao. Yeye akauza vitumbua vilivyobaki.

Jumatatu saa tisa kasorobo nilifunga mkeka wangu nikausimamisha nyuma ya mlango. Nikavaa kitenge cha kwendea kanisani. Njiani miguu ilikuwa mizito, jua la Mpanda la saa hiyo halina huruma, na kila nyumba niliyopita niliona mtu amelala barazani. Niliwaonea wivu mpaka nikajisikia vibaya.

Chumba cha Pacifique kina feni moja inayozunguka kwa kujivuta. Wanafunzi saba, wakubwa wao hawafiki miaka ishirini na mitano, wana simu nzuri na kucha safi. Binti mmoja akanipisha kiti akidhani nimekuja kuuza kitu. Nilipotoa daftari langu wakatazamana.

Pacifique akafunga mlango. Akasema kabla ya kugusa kompyuta, kila mtu asimame aseme jina lake na kilichomleta. Mmoja alisema anataka kutengeneza gemu. Mwingine anataka kwenda Dar es Salaam. Binti wa kiti alisema baba yake kamlazimisha. Mimi nikawa wa mwisho. Nilikuwa nimefikiria la kusema tangu nyumbani, lakini niliposimama saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini, na nikajua lori la kwanza limeshafungua mlango wa nyuma, na Malale ameinama.

"Naitwa Emerensiana," nikasema. "Nimekuja badala ya mgongo wa mume wangu."

Wakacheka wote, wakadhani natania. Pacifique hakucheka. Alivuta kompyuta ya mbele kabisa, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akasema, "Mama, njoo ukae hapa, usikie vizuri."