Paa Lisilo na Osuri

Kila ninaponusa mabati yaliyochomwa na jua pamoja na mavi ya popo, narudi Macalder, mwaka ule mgodi ulipofungwa na wazungu wakaenda zao. Walituachia kinu cha kusagia mawe, kirefu kama nyumba tano zilizopandana, chenye ngazi ya chuma ubavuni. Wavulana wa kwetu walikifanya kiwanja cha majigambo. Aliyegusa kilele cha paa alirudi kijijini akitembea kama chifu, ilhali nyumbani hata kuchota maji kulimshinda. Kinara wao alikuwa Okelo, mtoto wa baba yangu mkubwa, mdomo mrefu kuliko miguu. Mimi nilikuwa nasubiri Januari tu, maana baba alikwisha kuninunulia sanduku la bati la rangi ya samawati la kwenda nalo shule ya bweni, Asumbi, na ubavuni akaliandika jina langu, Akinyi.

Siku moja mchana Okelo alipanda, akafika kileleni, akatazama chini, na ushujaa ukamwisha papo hapo. Alilikumbatia paa akilia kama mbuzi. Wenzake, mashujaa hao, walitimua mbio. Nilibaki mimi, na kwetu msichana hapandi paa: ni kumtakia mwenye nyumba kifo. Lakini nililitazama paa lile, sikuona osuri, ule mti unaochomekwa kileleni kuonyesha kwamba mwenye nyumba yu hai. Nikajiambia, hii si nyumba ya mtu. Akili za mtoto! Nikajifunga leso, nikapanda. Nilimshusha kipago kwa kipago, nikimshika kisigino na kukiweka pa kukanyaga, naye mkojo wake ukinitiririkia begani. Chini akaniomba nisimwambie mtu, nami sikumwambia.

Kumbe wale waliokimbia walikuwa wameniona kutoka vichakani. Jioni baba alituita. Okelo, bila hata kupepesa macho, alisema mimi ndiye niliyepanda kwa mchezo, yeye akanifuata kuniokoa. Nilieleza habari ya osuri. Baba akasema paa ni paa, na msichana anayepanda mapaa asomeshwe ili iweje? Januari ilipofika sanduku langu alipewa Okelo, akaenda nalo shule yake, nami nikabaki na jiwe la kusagia mtama. Nililia mpaka machozi yakanikauka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mbona ya Okelo imefika zaidi ya miaka hamsini? Majuzi nilikwenda kwake Homa Bay. Mjukuu wake alinionyesha kwenye simu picha zake akiwa ameketi ukingoni mwa maghorofa ya Nairobi, miguu ikining'inia, na wapuuzi wenzake wakimsifu. Ushujaa gani huo wa kupelekwa juu na lifti? Okelo alitabasamu kwa kiburi.

"Hiyo ni damu yangu," alisema. "Muulize nyanya yako nilivyomwokoa kule Macalder."

Nilimtazama mzee mzima yule, nikakosa hata hasira ya kumpa. Kisha nikaona kitu alichokalia kijana. Rangi nyeusi iliyopakwa juu ya samawati ilikuwa imebanduka, na jina langu, kwa mwandiko wa baba, lilisomeka tena.

"Shuka," nilimwambia kijana. "Hilo sanduku ni langu. Babu yako anajua nani alimshusha nani."

Okelo aliinamisha kichwa. Nililibeba mwenyewe kichwani mpaka stendi.